Ilikuwa ya Masista

Nina shamba la ekari tano Mkuranga, na kwa miaka sita nimelilima kwa simu. Kila Jumamosi nampigia kijana wa shamba, namuuliza mihogo inaendeleaje, ananijibu inaendelea vizuri, namtumia hela, basi, nimelima. Wenzangu wengi wa Ilala wanalima hivyohivyo. Kilichoniharibia ni msimu mmoja ambao vibarua walipandisha bei mara mbili ndani ya wiki moja. Nikasema isiwe tabu, nitanunua trekta.

Trekta zima la magurudumu manne sikulithubutu. Niliulizia moja, Massey Ferguson lililokaa juani mpaka wekundu wake ukawa wa nyanya ya juzi, nikatajiwa bei ambayo kwa heshima ya mke wangu siiandiki hapa. Nikashuka daraja hadi pawatila, lile trekta la kutembea nalo kwa miguu, lenye mikono miwili mirefu kama ya toroli na injini ya pistoni moja. Tangu serikali ilipotangaza Kilimo Kwanza mwaka 2009 mashine hizi ziliingia nchini kwa wingi, na nyingi hazikukaa sana shambani: zilifungwa tela zikaishia kubeba matofali, maji na mchanga. Hilo nililijua. Nilijua mambo mengi kwa kweli, maana nilikuwa nimesoma.

Nilijua kwamba moshi wa bluu maana yake injini inakula oili. Nilijua kwamba ukifungua kifuniko cha oili injini ikinguruma, na ikakupumulia usoni kama mtu aliyepanda ngazi za ghorofa ya saba, ringi za pistoni zimekwisha. Na zaidi ya yote nilijua kwamba injini ya dizeli ya mtumba lazima uikute ya baridi. Iliyochoka ikiwa baridi inagoma. Ikishapashwa moto inawaka hata kwa kutazamwa.

Nikaenda Gerezani, pale Kariakoo, na elimu yangu yote, bila kofia, saa saba mchana.

Alinipokea winga. Kwa msomaji wa mikoani: winga wa Kariakoo hana duka, hana mzigo, hana hata kigoda. Ana simu, viatu vya kukimbilia, na maduka ya watu wote. Akishakushika mkono wewe ni mteja wake, na mwenye duka ukimfuata mwenyewe anakurudisha kwake. Wangu alinipitisha katikati ya wachomeleaji na wauza springi mpaka uchochoro wa nyuma, na pale, chini ya turubai, ndipo ilipokuwa. Ya bluu. Imepakwa rangi mpya injini nzima, skrubu kwa skrubu, mpaka bamba la namba ya injini. Hata doa la oili lililokuwa likivuja lilipakwa. Liling'aa vizuri kuliko sehemu nyingine.

"Bosi, hiki chuma. Sio hizi za sasa hivi," akasema, kisha akapunguza sauti kama anayenitajia marehemu. "Ilikuwa ya masista wa misheni. Masista hawakimbizi mashine."

Sikuuliza misheni gani. Jambo lenyewe lilikaa vizuri moyoni. Nikaiona mashine inatoka taratibu kwenda bustani ya mchicha baada ya sala ya asubuhi, inarudi, inafutwa na kitambaa, inalala.

Nikakumbuka elimu. Nikaweka kiganja juu ya injini. Ya moto.

Nikatazama juu, nikaliona jua.

"Jua la leo kali," nikasema.

"Kali sana, bosi," akajibu winga, na fundi aliyekuwa pembeni akageuka kukohoa.

Akazungusha hendeli mara moja tu. Tu-tu-tu-tu-tu. Hakuna moshi wa bluu, hakuna mweusi, na kifuniko cha oili kilipofunguliwa haikupumua hata kidogo. Baadaye sana nilikuja kuambiwa kwamba walikuwa wamemimina humo oili nzito ya giaboksi, ile kama asali, inayonyamazisha injini mbovu kwa siku mbili tatu. Siku hiyo nilisikia sauti ya masista. Nikatoa milioni mbili na nusu pamoja na tela. Mwenye mali alipata milioni mbili na laki moja. Laki nne zilikuwa cha juu cha winga, na hilo niliambiwa na winga mwenyewe, tulipokuwa tumeshakuwa marafiki.

Kuendesha nilifundishwa kwa dakika nne. Chini ya kila mkono kuna klachi ndogo: ukitaka kukata kushoto unabana ya kushoto, kulia unabana ya kulia. Mtoto anaweza. Jambo ambalo hawakuniambia ni kwamba sheria hiyo inafanya kazi pale tu injini inapouvuta mzigo. Ukibana klachi, gurudumu la upande huo linaachiwa huru. Sasa mzigo ukiwa ndio unaoisukuma mashine kwa nyuma, lile lililoachiwa ndilo linalokimbia mbele, na mashine inakata upande wa pili. Kushoto kunakuwa kulia.

Na mzigo ulikuwepo. Kwenye tela walipanda winga, fundi, makuli wawili waliokuwa "wanaelekea hukohuko", na mama mmoja mwenye tenga la ndizi ambaye mpaka leo sijui alipandia wapi. Tukashika Mtaa wa Uhuru kuelekea Ilala. Watu walitupisha. Nikiri kwamba kwa mita kama mia tatu nilijisikia mkulima kuliko siku zote za maisha yangu.

Tukafika makutano ya Uhuru na Msimbazi, pale zinapopita njia za mwendokasi. Bodaboda ikanikatiza kutoka kulia. Nikapunguza moto, nikabana klachi ya kushoto. Tela na watu wake watano likanisukuma, na pawatila ikakata kulia kwa utulivu mkubwa, kama inayorudi nyumbani, ikaingia kwenye njia ya mwendokasi, ikaenda hatua kama ishirini, ikazimika.

Kwa nini ilizimika? Kwa sababu ndani ya tangi kulikuwa na dizeli ya kikombe kimoja. Muuzaji wa mashine ya mtumba hakupi dizeli zaidi ya ile ya kukushawishi. Na dizeli ikikauka, kuongeza nyingine hakutoshi. Bomba limeshavuta hewa, lazima ulegeze nati, utoe povu, usubiri mpaka dizeli itoke safi. Kazi hiyo anaijua fundi. Niligeuka kumtafuta fundi. Kwenye tela alibaki mama wa ndizi peke yake.

Nyuma yetu basi likapiga honi, na nyuma yake lingine. Abiria walitoa vichwa madirishani, na mmoja akauliza kwa upole kabisa kama ndio mabasi mapya yaliyokuwa yakisubiriwa. Injini yenyewe ilikuwa inafuka mvuke, kwa kuwa injini za aina hii hupozwa kwa maji yanayochemka kwenye tangi dogo lililo wazi juu. Ndivyo zilivyotengenezwa, lakini nani atawaeleza watu wa Kariakoo? "Inaungua! Inaungua!" Mtu akaja na ndoo. Muuza kahawa akaja na ushauri: "Tia mayai humo, kaka, usirudi mikono mitupu."

Mwishowe walikuja vijana wawili na mkokoteni. Wakaifunga pawatila kwa kamba, wakaivuta. Kariakoo, kama tujuavyo, ni jina lililotoka kwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza waliowekwa kambi hapo wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Nikitembea nyuma ya mkokoteni ule niliona mtaa haujasahau kazi yake. Injini ya nguvu za farasi kumi na mbili ilivutwa mpaka Ilala na watu wawili, mmoja wao amevaa kandambili za rangi mbili tofauti, kwa shilingi elfu kumi na tano. Mama wa ndizi alishuka Amana, akanishukuru.

Nyumbani, mke wangu aliizunguka mara moja bila kusema neno, kisha akauliza, "Baba watoto, inalala wapi?" Swali hilo nilikuwa sijalifikiria. Ililala uani, na kamba ya nguo ikahamishwa.

Aliyesema mengi ni mzee wa baraza jirani, mstaafu wa reli. "Mwanangu, usione haya," akaniambia. "Baada ya Vita ya Pili Waingereza walitaka kulima karanga Kongwa. Matrekta mapya hayakupatikana. Wakanunua yaliyobaki ya jeshi la Marekani kule Ufilipino. Wakachukua na vifaru vya Sherman, wakavigeuza matrekta, wakaviita Shervick. Mwaka 1947 haujaisha, theluthi mbili ya mashine zimeshakufa. Mwaka 1951 wakafunga virago, pauni milioni thelathini na sita zimeliwa na vichaka." Akatafuna kashata. "Wao nao waliambiwa zilikuwa za masista?"

Usiku ule nilifungua kisanduku cha vifaa kilicho chini ya kiti cha tela. Hapakuwa na spana. Palikuwa na daftari la shule lenye mafuta, na ndani yake, kwa mwandiko wa kalamu nyekundu: mchanga tripu 9, mchanga tripu 11, kokoto tripu 7, Jumapili tripu 14. Masista hawa walikuwa wachapakazi.

Mkuranga pawatila ilifika kwa kirikuu, ikalima nusu ekari kwa fahari, visu vyake vikakutana na kisiki cha mkorosho. Kuanzia hapo nilianza kulima kwa simu upya, ila sasa nilichoulizia si mihogo. "Bosi, mashine inaumwa kidogo," alikuwa akisema kijana wa shamba, nami najua kesho nina safari ya madukani. Huko hawataki maelezo. Ukisema unataka nozo ya pawatila, muuzaji anakuuliza bila kuinua macho, "Sampo uko nayo?" Basi unajifunza kubeba sampo: kile kilichokufa, kimefungwa gazetini, ndani ya begi la ofisini, pamoja na kompyuta. Kwa miezi minne nilinukia dizeli. Kwenye daladala la Mbagala dada mmoja alinusa, akalisogeza gauni lake, akaniuliza kama nafanya kazi melini. Nikamwambia ndiyo. Ilikuwa rahisi zaidi.

Halafu hela ikaisha. Mshahara wa kijana ulikuwa nyuma miezi minne, tukakubaliana kiutu uzima: achukue injini, tusidaiane. Visu na chasisi niliviuza kwa mnunua vyuma chakavu, kwa kilo. Shamba likalimwa kwa jembe la mkono, nikapata mahindi madebe matatu.

Nikayafuata mwenyewe. Kijana akasema yasagwe kwanza, mashine ipo karibu, pale senta. Hata kabla hatujafika nilisimama. Tu-tu-tu-tu-tu. Sauti ya mtu unayemfahamu haikupotei. Ilikuwa imefungwa kwenye zege chini ya kibanda cha makuti, mkanda unazungusha kinu, rangi ya bluu imebanduka yote, na foleni ya akina mama na ndoo zao imefika barabarani. Haikuwa na doa la oili.

Kijana alinisagia bila kunirusha foleni, akanitoza bei ya jirani. Nikalipa. Alipokuwa ananisindikiza kituoni akanikabidhi kitu kizito kilichofungwa gazetini. "Bosi, ukipita Kariakoo nichukulie beringi. Sampo hiyo hapo."

Ndani ya basi niliuweka mfuko wa unga mapajani, nikaweka kiganja juu yake. Wa moto. Safari hii sikulisingizia jua.