Yah: Ombi la kujulishwa kama navunja sheria au nalipa kodi

Kwa Gavana,
Benki Kuu ya Tanzania.

Mheshimiwa Gavana,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Novemba 2019 Benki yako iliutangazia umma kwamba kuuza, kunadi na kutumia sarafu za kidijitali ni kinyume cha kanuni za fedha za kigeni, na kwamba fedha halali nchini ni shilingi peke yake. Tukaelewa: marufuku. Juni 2021 Rais, akiwa Mwanza kuzindua jengo la tawi lenu, akawataka mjiandae kwa sarafu hizohizo. Tukaelewa: subirini kidogo. Julai 2024 Sheria ya Fedha ikaanza kukata kodi ya zuio ya asilimia 3 kwa anayelipwa kwa kuhamisha mali ya kidijitali. Hapo, Mheshimiwa, tukaacha kuelewa.

Silalamiki, nawapongeza. Wapika gongo wa mtaani kwetu wamenituma niulize zamu yao lini. Wako tayari hata kwa asilimia 5, mradi wapewe mashine ya EFD.

Kodi yenyewe imekaa kiungwana, maana inakatwa kwenye malipo, haiulizi faida. Kuna watu walinunua bitcoin Novemba 2021 ilipokaribia dola 69,000, wakaiuza mwaka mmoja baadaye chini ya 17,000. Sheria hii ingekuwapo wakati ule, wangelijenga taifa kwa hasara zao. Ndiyo maana binafsi siiti bitcoin mbadala wa shilingi: kinachopoteza robo tatu ya thamani ndani ya mwaka hakinunuliwi unga.

Ila njoo Kariakoo. Chukua muuza kava za simu, dola zikiwa zimeadimika, na mwenye mzigo Guangzhou hataki maneno. Usiku anaingia kwenye kundi la Telegram kutafuta USDT, sarafu inayofuata bei ya dola. Sharti la muuzaji limeandikwa kwa herufi kubwa: USIANDIKE KRIPTO KWENYE MAELEZO. Anatuma shilingi kwa simu, kwenye maelezo anaandika "ada ya shule".

"Boss, umeona muamala?"

"Nimeona. Naachia."

Mzigo umelipwa. Sasa hiyo asilimia 3 aikate nani? Muuzaji yuko Tandika, jina lake kundini ni picha ya simba, na kwa mujibu wa kumbukumbu zote za nchi hii, mzazi mmoja amelipa ada ya mtoto saa sita usiku.

Huyo walau anajua anachofanya. Wanaoniumiza ni wale wanaoitwa kwenye semina za kripto. Hadi mwaka 2009 upatu wa DECI ulikuwa ukiwaambia watu wapande mbegu wavune, nanyi mnakumbuka mavuno. Matapeli wa leo wamebadili msamiati tu: mbegu imekuwa "kuchimba" kwa simu, faida inasoma kila asubuhi, na ukimleta shemeji unaongezewa. Mteja akiuliza kama ni halali, anaonyeshwa sheria yenu ya 2024: "Dada, serikali itatozaje kodi kitu haramu?" Hoja hiyo haina jibu, naye anatoa akiba ya kikoba. Akishalizwa na kwenda kushtaki, anaweza kuonyeshwa taarifa yenu ya 2019 na kuulizwa alikuwa anatafuta nini huko. Tapeli amepewa sheria, aliyeibiwa amepewa katazo.

Wakenya nao walianza kutoza asilimia 3 mwaka 2023. Mwaka 2025 wakaifuta, wakahamishia kodi kwenye ada za watoa huduma, kisha wakatunga sheria ya kuwapa leseni. Sisemi tuwaige, tusije tukaambiwa hatuna uzalendo.

Naomba kujua jambo moja: taarifa ya 2019 ingali hai? Kama imekufa, itangazieni msiba, mtoe leseni, ili anayeibiwa awe na pa kushtaki. Kama ingali hai, futeni kodi. Mpaka mtakapoamua, nitumieni namba ya malipo ya asilimia 3 pamoja na pingu, kwenye bahasha moja, tupunguze gharama za posta.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mlipakodi / Mtuhumiwa (futa isiyohusika)

Nakala: Kamishna Mkuu, Mamlaka ya Mapato.