Namna ya Kumnasa Mtu wa New Zealand kwa Irabu Tatu

Usimuulize ametoka wapi. Hapo utakuwa umejinyima utamu wote. Mwombe ataje samaki na chipsi kwa Kiingereza, kisha tega sikio kwenye irabu ya "fish". Mwaustralia huipandisha na kuivuta hadi ikaribie i ya "fisi". Mtu wa New Zealand huilaza katikati ya kinywa, mahali ambapo Kiswahili hakina irabu, na sikio lako litahangaika kati ya "fash" na "fush".

Ukishaisikia hiyo, hamieni jikoni. Mwombe ataje kikaango, "pan": utasikia kitu kinachoelekea "pen". Mwombe kalamu, "pen": utasikia "pin", na tafadhali usiende kumtafutia pini. Sasa ataje pini yenyewe, uone inavyorudi nyuma na kulala palepale ilipolala "fish". Mrudishe tena kwenye kikaango, polepole, maana uzuri wote uko hapa: irabu tatu zimehama kwa mpangilio, kama abiria wa daladala wanaosogezana kwenye siti moja. Ya kwanza ilipanda ikaisukuma ya pili, ya pili ikaisukuma ya tatu, na hiyo, kwa kuwa juu kumeshakaliwa, ikakimbilia katikati.

Safari hiyo tunaifahamu kwa bahati njema sana. Kati ya 1946 na 1948, shirika la utangazaji la taifa lilizungusha gari lenye mitambo ya kurekodi, likikusanya kumbukumbu za wazee. Baadhi yao walizaliwa miaka ya 1850, watoto wa walowezi waliotoka Uingereza, Scotland na Ireland. Waliulizwa habari za maisha ya zamani, si za irabu. Miongo kadhaa baadaye Elizabeth Gordon na wenzake wa Chuo Kikuu cha Canterbury, mjini Christchurch, walizisikiliza rekodi hizo upya, wakakuta wazee waliokulia mahali pamoja wakitamka kila mmoja kivyake. Lafudhi ya pamoja ilikuwa bado inafinyangwa, na wafinyanzi walikuwa watoto.

Wakaguzi wa shule wa miaka ya karibu na 1900 walilalamika kwamba watoto hao ni wavivu wa kutamka. Walikosea, na nasema hivyo bila kusita. Ulimi uliohamisha irabu tatu bila kuzigonganisha umefanya kazi kubwa kuliko ule uliobaki palepale.

Zoezi jingine: mwambie ataje bia, "beer", halafu dubu, "bear". Kwa wengi, hasa vijana, maneno hayo yameshakuwa sauti moja. Majina ya miji yaliyotoka Kimaori, lugha ya wenyeji wa asili, kama Rotorua, yatamke wewe. Kimaori kina irabu tano, a, e, i, o, u, na kinywa cha Mswahili kinazijua.

Ila usitangaze ushindi mapema, maana Mzungu wa Afrika Kusini naye anaweza kukupa "pin" yenye irabu iliyolala. Mpe maneno mawili: "kit" na "bit". Kwa wengi wa Afrika Kusini hayana vina, kwani ya kwanza hubaki juu na ya pili huteremka. Yakitoka kwa irabu moja, na irabu hiyo imelala, huyo ni wa New Zealand. Mnunulie samaki.