Mjomba Kasafisha Simu

Mweka hazina wa kamati ya harusi husamehewa mengi. Akichelewa kikao tunasema ni foleni. Akikosea kujumlisha tunasema ni uchovu, na mwenyekiti anaagiza aletewe soda. Lakini akipoteza orodha ya ahadi, hapo hakuna cha foleni wala soda. Bila ile orodha, kila mjumbe anabaki na dhamiri yake tu, na dhamiri za watu kwenye michango ya harusi tunazijua.

Mjomba wangu aliipoteza kwa ajili ya usafi. Simu yake ilimwandikia kuwa nafasi imejaa. Mtu mwingine angeanza na WhatsApp, maana mle ndani mlikuwa na maua ya “asubuhi njema” ya miaka nenda rudi, mahubiri ya kila dhehebu, na video ya ng’ombe aliyepakiwa kwenye bodaboda, ambayo kila ndugu alimtumia na yeye akazihifadhi zote. Mjomba hakugusa hata moja. “Hizo nimetumiwa na watu,” alinieleza. Barua pepe, kwa mtazamo wake, hazitumwi na watu. Zinatumwa na benki. Akavaa miwani, akakaa barazani, akaanza kuzifuta.

Ubaya ni kwamba picha na video ndizo zinazokaa ndani ya simu. Barua pepe makao yake ni kwenye seva huko mbali, na simu inashika nakala tu. Unaweza kufuta barua elfu na bado ukakosa nafasi ya ng’ombe mmoja. Gmail ilipoanza Aprili Mosi 2004, ikimpa kila mtu gigabaiti 1 wakati Hotmail ikitoa megabaiti 2 na Yahoo 4, kuna waliodhani ni mzaha wa siku ya wajinga. Nia ilikuwa mtu asilazimike tena kufuta barua. Siku hizi ni gigabaiti 15, japo zinagawanywa na picha na mafaili mengine ya akaunti hiyo hiyo. Ila Mjomba alijifunza barua pepe enzi za intaneti kafe, unalipia nusu saa na kisanduku kikijaa ni juu yako. Adabu ya enzi zile haijamtoka.

Utauliza, si amwombe katibu aitume tena ile orodha? Ungekuwepo kwenye ugomvi wa sare usingeuliza. Katibu, dada yetu, mtoto wa shangazi, alitaka akina mama wavae rangi ya maziwa. Kamati ikapitisha zambarau. Akapiga picha kurasa za kaunta buku, akamtumia mweka hazina kwa barua pepe ikiwa na neno moja tu, “Haya”, akajitoa kwenye grupu na kaunta buku akaondoka nalo. Sasa kumpigia ni kumwomba radhi, na kumwomba radhi ni kufungua upya mjadala wa zambarau. Kamati ikaona heri tutafute kwenye tupio.

Wakati huo habari zilishavuja, na ukoo ulikuwa na furaha ambayo sijawahi kuiona hata siku ya posa. Watu walioahidi laki mbili walianza kukumbuka elfu hamsini. Waliokuwa hawajatoa wakakumbuka kwamba walishatoa, mkononi, taslimu. Shemeji mmoja ambaye simu zetu alikuwa hapokei, alinipigia mwenyewe kuulizia afya ya Mjomba.

Nilipofika nilimkuta Mjomba amekaa, simu iko mezani, imezimwa.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, mjomba. Kaa hapo. Nimeizima isiendelee kufuta.”

Alikuwa ametoka Kariakoo. Fundi mmoja alimwambia anayo programu inayorudisha chochote, elfu thelathini, na ikigoma “tunaiflashi”. Programu za namna hiyo huchimba kumbukumbu ya simu kutafuta mabaki ya picha na mafaili. Barua ambayo makao yake ni kwenye seva hazina pa kuichimbia. Na kuiflashi simu ni kuifuta yote. Hiyo ndiyo tiba aliyoandikiwa mtu anayetafuta kilichofutwa. Nashukuru siku hiyo hakuwa na elfu thelathini.

Tukaiwasha. Nikagusa vile vistari vitatu juu kushoto, nikashuka hadi kwenye tupio, ambako Gmail huweka barua zilizofutwa kwa siku 30 kabla ya kuziondoa kabisa. Tupio lilikuwa jeupe.

“Nililimwaga,” Mjomba akasema kwa fahari. “Huwezi kufagia nyumba ukaacha taka mlangoni.”

Tupio likishamwagwa, usitegemee miujiza. Akaunti za ofisini zinazoendeshwa na Google zina msimamizi anayeweza kurudisha barua ndani ya siku 25 tangu tupio limwagwe. Akaunti ya Mjomba haina msimamizi ila Mungu.

Nikamwomba anionyeshe kidole kilifanya nini. Akatelezesha hewani, kutoka kulia kwenda kushoto. “Nilianza hivi, moja moja. Baadaye mtoto wa jirani akaniona nahangaika, akanifundisha kuzichagua nyingi kwa mpigo.”

“Huyo mtoto alikuja kabla ya chai au baada ya chai?”

“Baada.”

Moyo ukatulia. Kwenye simu nyingi za Android, ukitelezesha barua ya Gmail na hukuwahi kubadilisha mipangilio, haifutwi. Inaondolewa tu kwenye kikasha na kuwekwa kando. Kila mara chini ya skrini hutokea neno “Tendua” kwa sekunde chache. Mjomba alidhani ni tangazo. Kwa hiyo barua za juu kabisa, yaani mpya, alizianza kabla ya chai na zilikuwa hai. Za baada ya chai zilikwenda na maji, pamoja na yule mjane wa jenerali aliyetaka kumwachia mirathi.

Nikatafuta neno “ahadi”. Hakuna. “Michango”. Hakuna. Barua haikuwa na kichwa cha habari, na ndani ina “Haya” peke yake. Anwani ya katibu nayo ni ile aliyoifungua akiwa kidato cha pili, ina jina ambalo kwa heshima yake sitalitaja, na Mjomba alikuwa akiipita kila mara akidhani ni saluni. Ikabidi kuingia kwenye barua pepe zote na kushuka tarehe kwa tarehe, na pale katikati ya taarifa mbili za benki tukaikuta. Nikairudisha kwenye kikasha na kuzipakua zile picha. Kwenye ukurasa wa pili, pembeni, kimeonekana kidole gumba cha katibu kilichokuwa kimelishika daftari. Kucha imepakwa rangi ya maziwa.

Shemeji, Mjomba ni mzima, ahsante kwa kuulizia. Ahadi yako ni laki tano, iko juu kidogo ya hicho kidole. Kikao ni Jumapili saa kumi jioni.