Mihuri Mitatu, Tango Moja
Katika maduka ya Jerusalem, chupa moja ya matango ya siki yaweza kubeba mihuri kadhaa ya "kosher", yaani chakula halali kwa sheria ya Kiyahudi. Sheria ya Israeli ya 1983 iliikabidhi Ofisi ya Marabi Wakuu mamlaka juu ya neno hilo. Badatz, mahakama za marabi za Waharedi, Wayahudi washika dini sana, zisizoridhika na muhuri wa serikali, hugonga wa kwao juu yake. Mwaka 2018 Tzohar, shirika la marabi, nalo likaanza kukagua mikahawa, ila bila kuthubutu kulitamka neno lenyewe. Mtasema ushindani huleta umakini. Huenda, lakini Torati ni ileile, na mara nyingi mkaguliwa ndiye anayemlipa mkaguzi. Basi muhuri wa pili haulichunguzi tango, unauchunguza muhuri wa kwanza. Tango limeshafaulu, wenye mihuri ndio hawapikiki chungu kimoja.