Ombi la Kujengewa Tuta

Kwa Mheshimiwa Meneja wa Huduma,
Karakana ya Magari Mapya,
Dar es Salaam.

YAH: MLIO AMBAO HAUPO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwa heshima na taadhima, sisi wenye magari mapya ya saluni, yale yaliyotoka kwenu viti vikiwa bado na nailoni, tunakuandikia kuhusu maneno matatu ambayo karani wako huyajaza kwenye jobu kadi kila jioni: HAKUNA TATIZO LILILOONEKANA. Hatubishani na maneno hayo. Ni ya kweli tupu. Halikuonekana. Hata mtu aliyefumba macho katikati ya soko anaweza kuapa kwamba hakuona embe, na kiapo chake kikasimama. Tunachoulizia ni mahali mlipotazama.

Mlio wenyewe hauhitaji utambulisho. Ni kok-kok, mbele kushoto, gari likivuka tuta dogo kwa mwendo wa mtu anayetafuta maegesho. Hausikiki lami ikiwa laini, hausikiki mwendo ukiwa mkali. Asubuhi unaletwa kwenu na mwenye gari, ambaye ameusikia kila siku kwa mwezi mzima na anaweza kuutaja tuta kwa tuta kutoka Tegeta hadi Posta. Karani anaandika: mteja analalamika mlio. Haandiki kwamba mteja ametoa taarifa, wala kwamba amesikia. Analalamika, kana kwamba kok-kok ni tabia ya mteja na si ya gari. Jioni gari linarudi limeoshwa, linang'aa, lina harufu ya sabuni, na kadi inasema maneno yale matatu. Getini kwenu pako tambarare, kwa hiyo shukrani hutolewa kwa moyo mweupe. Tuta la kwanza liko mbele kidogo.

Tumejitahidi kuelewa mnavyopima, na tunakiri kwamba njia yenu haina dosari ikiwa lengo ni kutokuona. Sakafu ya karakana ni ya vigae. Gari linapandishwa kwenye lifti, na magurudumu yote mawili ya mbele yananing'inia sawasawa. Sasa kuna kile kifimbo cha stabilaiza linki, kirefu kama rula ya mwanafunzi, chenye kifundo kila ncha. Kazi yake huja pale gurudumu moja linapopanda na jingine likabaki chini, na kikilegea, hapo ndipo hugonga. Magurudumu yakining'inia pamoja, ulegevu hujificha. Fundi anakishika, anakitikisa, nacho kinatulia kimya kama mtoto aliyeona mgeni. Kisha inaletwa kompyuta, inachomekwa kwenye soketi iliyo chini ya usukani. Soketi ile Marekani iliilazimisha kwa magari madogo kuanzia ya mwaka 1996, na iliilazimisha kwa sababu ya moshi. Misimbo yake huanza kwa mojawapo ya herufi nne: P kwa injini na giaboksi, C kwa chasisi, B kwa bodi, U kwa mazungumzo ya kompyuta zenyewe kwa zenyewe. Hakuna herufi ya kok-kok. Kompyuta husoma iliyoambiwa na sensa, na kwenye saluni ya kawaida hakuna aliyewahi kuifungia sensa bushi ya mpira. Kuiuliza habari za bushi ni sawa na kumuuliza mhasibu kama mvua itanyesha: atakujibu kwa adabu kwamba hajaona risiti.

Hilo tungelivumilia, Mheshimiwa, kama mngekuwa watu wasiozijua barabara zetu. Lakini mnazijua mno. Ukifika wakati wa kupanga sevisi, mnafungua kitabu cha gari kwenye ule ukurasa wa mazingira magumu, na hapo Dar es Salaam inasomwa kama shitaka: vumbi, joto, foleni, safari fupi fupi. Kwa hiyo mafuta ya injini yabadilishwe mapema kuliko kawaida, na sisi tunalipa bila kinyongo, maana vumbi ni kweli na foleni ni kweli. Bushi ikichakaa kabla ya wakati wake, barabara zinaitwa tena, safari hii kama shahidi wenu: haya ni matumizi, mteja, barabara zetu ndizo hizi, waranti haifuniki uchakavu. Sawa. Ila baina ya nyakati hizo mbili, siku ya kupima, barabara zinatoweka. Gari linazungushwa uani kwenye zege laini, linasikilizwa dakika nne, linarudishwa. Barabara mbovu zipo mkiandika ankara, zipo mkikataa dai, na hazipo mkitafuta kosa. Huo si upungufu wa vifaa. Ni upungufu wa haya. Mliliuza gari hilo mkiwa mnajua litaishi wapi, mkalifunga utepe mwekundu kwenye boneti, mkampiga picha mnunuzi mwenye mkopo wa benki wa miaka mitano, na leo mnamtazama kama mtu anayesikia majini.

Tunaomba radhi kwa sentensi hizo. Turudi kwenye heshima.

Ombi letu ni tuta. Moja tu. Tunaomba lijengwe ndani ya uwanja wenu, kati ya geti na pale mnapooshea magari. Lisiwe lile la mchoro wa mhandisi, lenye rangi nyeupe na miteremko ya upole ambayo gari huipanda kama linapanda godoro. Tunataka tuta la mtaani, la aina ile inayojengwa usiku na wananchi wenye hasira baada ya bodaboda kumgonga mtoto: zege upande mmoja, mawe upande wa pili, na katikati kigongo kinachomlazimisha mwenye saluni kupita kimshazari, gurudumu moja moja, abiria wakiombwa kushuka. Mshazari huo ndio dawa yenyewe, kwa sababu ndio unaopandisha gurudumu la kushoto huku la kulia likiwa bado chini, na kile kifimbo cha stabilaiza kikalazimika kusema ukweli. Hatua kumi kabla ya tuta tunaomba rasharasha, ile mistari inayotikisa meno, kwa ajili ya milio ya dashibodi ambayo ni ukoo mwingine. Baada ya tuta tunaomba shimo. Shimo lisichimbwe kwa sururu, maana litakuwa na kingo zilizonyooka na fundi atalitambua kuwa la bandia. Mwageni lami nyembamba, mpitishe malori ya mchanga, msubiri masika. Litajichimba lenyewe kwa ustadi ambao hamna mkandarasi wa kuufikia. Litunzwe likiwa na maji ya rangi ya chai ya maziwa ili kina chake kibaki siri. Ndani ya wiki moja atatokea kijana anayeuza maji ya chupa na karanga pembeni ya tuta. Msimfukuze: huyo ndiye cheti cha ubora, ushahidi kwamba hapa magari hupunguza mwendo kweli. Siku ya uzinduzi aitwe mgeni rasmi, akate utepe, na kuwe na kibao cha marumaru. Tuta liwekewe ratiba ya sevisi, likaguliwe kila mwezi lisije likalainika kwa kupitwa sana. Na likichakaa kabla ya wakati, tutakuwa wa kwanza kuwatetea: barabara zetu ndizo hizi.

Mengine ni madogo. Ule ujumbe wa simu wa "gari lako liko tayari" uongezewe neno moja la kusema tayari kwa nini. Kioo kinachotutenganisha na karakana kipanguswe, au kipakwe rangi kabisa tujue moja. Kuosha gari kusiandikwe kama tiba. Spea ambayo "imeshaagizwa" itajiwe bandari iliyomo wiki hii. Na yule binti wa mapokezi mwenye adabu asitumwe tena kutuomba alama kumi juu ya kumi pale simu ya tathmini itakapopigwa, kwa maelezo kwamba tisa itamponza. Mmeifanya kazi yake kuwa rehani ya ukimya wetu, na hilo si dogo.

Tunazijua hoja zenu, na nyingine zina uzito. Mtasema wenye magari husikia mengi: chupa ya soda iliyosahaulika mlangoni, jeki iliyolegea buti, sarafu kwenye tundu la kikombe. Ni kweli. Basi ikutwe hiyo chupa, iandikwe, turudishiwe ikiwa kwenye mfuko, na aibu iwe yetu. Mlio wa chupa nao ni mlio. Umetafutwa na umepatikana. Kisichowezekana ni kusikia kok-kok kukageuka ugonjwa wa mteja kwa sababu tu hakuna aliyetoka kwenda kuisikiliza. Shahidi aliyeishi na gari siku thelathini hawezi kushindwa na aliyelizungusha dakika nne, isipokuwa kama hakimu ni bosi wa huyo wa pili.

Mtasema pia kwamba kiwanda kinataka ushahidi, na hapa ndipo tunakuonea huruma kidogo. Tunajua kwamba kazi ya waranti halipi mteja. Hulipa kiwanda, kwa muda kilichoupanga chenyewe, na kinataka kuona msimbo, au picha, au spea iliyotolewa. Fundi akikaa saa mbili kutafuta mlio asiupate, saa hizo hazina safu ya kuandikwa, wakati filta na mafuta ya injini vina mlipaji aliyekwishaketi sebuleni kwenu akinywa kahawa. Kwa hiyo fundi hana uvivu. Anafanya hesabu mliyompangia. Lakini sisi hatukununua kutoka kwenye hesabu hiyo. Tulinunua kwenu, kwa bei ambayo mlituambia ndani yake mna miaka mitatu ya utulivu, na ugomvi wa karakana na kiwanda hauwezi kumalizwa kwa kumwambia mtu wa tatu kwamba masikio yake yana kasoro. Tena tuta lingewasaidia: simu ya fundi ingerekodi kok-kok likivukwa, na kiwanda kingepata ushahidi wake.

Hoja ya tatu huwa haisemwi, inaonyeshwa kwa mabega: kama hamridhiki, nendeni kwa mafundi wa Gerezani. Mheshimiwa, tungekwenda tunakimbia. Fundi wa Gerezani hana lifti ya umeme wala kahawa. Anachofanya ni kukwambia uendeshe wewe, yeye anatembea kwa miguu kando ya gurudumu, ameinamisha kichwa, mkono juu ya madigadi, na ukivuka jiwe la pili ameshakuambia ni linki au ni bushi. Daladala likianza kugonga Mbagala asubuhi, jioni limetengenezwa, kwa sababu dereva ana hesabu ya tajiri na mlio haumwongezei kitu. Aliyenunua gari kuukuu kutoka Japani anapata hayo yote. Anayeyakosa ni mwenye gari jipya, maana kitabu chenu kinamwonya kwamba likiguswa na fundi mwingine waranti inakufa. Yaani tumelipa zaidi ili tuzuiwe kwenda kwa anayesikia.

Na onyo hilo si sheria ya maumbile. Tume ya Ushindani ya Afrika Kusini ilitoa mwongozo ulioanza kutumika tarehe 1 Julai 2021: mwenye gari lililo ndani ya waranti anaweza kulipeleka kwa fundi anayemtaka, na waranti haifi kwa sababu hiyo peke yake, kinachotoka mikononi mwenu ni uharibifu atakaousababisha fundi huyo. Wamarekani wana sheria ya mwaka 1975 inayokataza kuifunga waranti kwenye spea au huduma ya jina moja, labda itolewe bure. Magari yanayouzwa Johannesburg mengi ni ya chapa hizi hizi, na viwanda havijafungwa. Hapa kwetu Sheria ya Ushindani ni ya mwaka 2003, na Tume ya kuisimamia ipo. Nakala ya barua hii inaelekea huko, ikipitia barabara yenye matuta.

Kuna atakayesema kwamba haya ni malalamiko ya walioshiba, maana mtu anayening'inia mlangoni mwa daladala hana muda wa kusikiliza bushi. Anasema kweli, na hatutamjibu zaidi ya kusema kwamba naye ni mteja, siku yake ya kukopa benki inakuja, na jobu kadi yake imeshachapwa.

Mheshimiwa, zege la tuta moja ni mifuko michache ya saruji, na mawe tutaleta wenyewe. Hata mkitunyima, mwambieni tu fundi avue glovu, apande gari pamoja na mwenye gari, watoke getini hadi tuta la kwanza na kurudi. Sevisi inayofuata ni ya kilomita 20,000. Gari litafika saa moja asubuhi, na mlio utakuwemo.

Wako katika ujenzi wa tuta,

Wenye Saluni Mpya