Mpwa Wangu Anakwenda Jeshini

Nafasi za JKT zikitangazwa, Munanila nzima hukimbia. Mpwa wangu alianza hata kabla ya fomu kufika: alfajiri anapandisha mlima mbio, akirudi anakomba uji wa watu wote. Dada yangu akawa anaomba jeshi lifanye haraka, unga unakwisha.

Kijana alitaka apangiwe Tanga, akaione bahari. Sikutaka kumvunja moyo, ila mkoa wetu wenyewe wa Kigoma una kambi: Bulombora, Kanembwa, na Mtabila hapo Kasulu, ambako hadi 2012 walikaa wakimbizi wa Burundi. Unaweza kuagwa kwa vilio, kumbe unakwenda mahali mama atakuletea maharage Jumapili.

Kasheshe likaanza kwenye vyeti. Cha kuzaliwa kimeandika jina lake kwa R, cha shule kwa L. Huku kwetu herufi hizo ni ndugu, hakuna anayezigombanisha. Karani mmoja akaandika barua kuthibitisha kwamba hao wawili ni mtu mmoja. Juu kaweka R, chini kaweka L, muhuri katikati.

Siku ya usaili nilimsindikiza.

“Shikamoo, afande.”

“Marahaba. Baba yako kazaliwa wapi?”

Sisi wa mpakani swali hili tumelizoea. Burundi iko hapo tu, ukipita Manyovu. Mpwa wangu akakaza kifua: “Korogwe!”

“Muha wa Korogwe?”

Ndivyo ilivyokuwa. Babu yake alikwenda na SILABU, ofisi ya wenye mashamba ya mkonge iliyoanza 1944 kukusanya vibarua. Waha walipakiwa treni Kigoma, wakafikishwa huko mashambani, wakaitwa manamba. Hakuna aliyewauliza cheti. Mikono ikiwa mizima, twende. Kipande, yaani kadi ya kazi, kilijaa kwa siku 30 za kazi, na siku usiyomaliza ngwe yako haihesabiwi, kwa hiyo mwezi wa mkonge ulikuwa mrefu kuliko wa kalenda. Wengine walizalia huko huko.

“Una uthibitisho?”

Tukarudi nyumbani kupekua sanduku la bibi yake. Chini kabisa, ndani ya kitenge, kipande cha babu kilikuwapo kweli, kimeliwa na mende pembeni tu. Jina linasomeka vizuri. Limeandikwa kwa D.

“Mjomba,” akaniuliza, “yule karani bado yupo ofisini?”