Kiboko wa Megabaiti Saba

Mkoa wa Katavi ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. React, ile zana ya kujengea kurasa za wavuti, ilitolewa hadharani Mei 2013. Kwa umri, basi, mkoa wetu ndio ulioiachia React ziwa. Wote wawili bado wanajengwa. Tofauti ninayoiona mimi ni kwamba mkoa haujawahi kunitolea maandishi mekundu saa saba za usiku.

Nina steshenari yangu Makanyagio, hapa Mpanda mjini. Natoa kopi, napiga picha za pasipoti, nawajazia vijana maombi ya ajira mtandaoni. Kurasa za wavuti nilikuwa nazitengeneza kwa HTML kavu: kichwa cha habari, jedwali, namba ya simu, kwisha kazi. Sasa, muuza nafaka mmoja wa soko la Buzogwe, ambaye soko zima linamwita Mama Mchele, akataka ukurasa wa bei za bidhaa zake tano: mchele wa Kakese, mchele wa Mwamkulu, karanga, asali ya Inyonga na dagaa wa Karema. Kazi ya asubuhi moja. Bahati mbaya mpwa wangu alikuwa ameshuka kwenye treni ya Tabora wiki hiyo, yuko likizo ya chuo, kompyuta begani.

“Mjomba, shikamoo. HTML kavu siku hizi ni ushamba. Tumia React.”

Marahaba yenyewe sikupata nafasi ya kuitikia.

Alinikalisha akanifundisha, na wazo lenyewe nalikubali mpaka leo. Ukurasa hauandikwi kwa kushuka kutoka juu hadi chini, unavunjwavunjwa kuwa komponenti. Komponenti ni kama kalibu ya tofali: ukishaichonga, kinachobaki ni kufyatua. Nachonga moja, naiita KadiYaBidhaa. Nikiipa jina, bei na picha ya mchele, inatoka kadi ya mchele. Nikiipa vya asali, inatoka kadi ya asali. Bei ikipanda, naibadilisha kwenye data tu. React yenyewe inalinganisha kilichopo na kinachotakiwa kuwapo, kisha inagusa pale tu palipobadilika. Aliyeibuni, Jordan Walke, alikuwa akifanya kazi Facebook, ambako ukurasa mmoja una habari, maoni, meseji na arifa, na vyote vinabadilika kwa pamoja kila dakika. Mama Mchele ana bidhaa tano, na bei ya dagaa haitikisiki mpaka gari la Karema lichelewe. Nilimkumbusha mpwa hilo. Akasema ni suala la kujiandaa kwa ajili ya kukua.

Tukaanza. Kwenye video za mafunzo, sehemu ya kuanza huchukua sekunde chache: “Andika amri hii, subiri kidogo.” Kidogo cha wapi? Video ya mpwa, aliyokuja nayo kwenye flashi, ilifundisha kuanza kwa zana iitwayo Create React App. Amri ikaandikwa, vifurushi vikaanza kuteremka, vingine nikiuliza ni vya nini naambiwa vimeitwa na vingine ambavyo navyo vimeitwa na vingine. Folda ya node_modules, vinakokaa vifurushi hivyo, ikavimba. Bando likaisha, tukaongeza. Umeme ukakatika. Mpanda iliishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli, kwa hiyo hapa umeme ukikatika hakuna anayeshtuka. Watu hushtuka ukirudi mapema.

Uliporudi ndipo tukasoma kwa makini maandishi yaliyokuwa yakitupita kwenye dirisha jeusi. Yalikuwa yanasema kwamba zana ile imestaafishwa. Ni kweli: timu ya React iliiaga rasmi tarehe 14 Februari 2025. Siku ya wapendanao! Kuna watu wanaoachana kwa meseji, nawajua, lakini hata wao husubiri tarehe 15.

Tukahamia Vite, zana ya Evan You, ambayo ni nyepesi zaidi kuanza nayo. Hapo nilijifunza jambo moja ambalo nawagawia bure wenzangu wa bando dogo: npm, ile programu inayoteremsha vifurushi, huweka akiba ya nakala za vile ilivyokwisha kuteremsha. Ukianza mradi mwingine, ongeza --prefer-offline mwishoni mwa amri ya npm install, itachukua kwanza vilivyomo ndani ya mashine kabla ya kugusa salio lako. Mpwa alikuwa analijua hilo siku zote. Chuoni kwao intaneti ni ya bure, akaona halina umuhimu.

Komponenti ya kwanza niliiita mchele, kwa herufi ndogo, kwa sababu mchele ni nomino ya kawaida na mwalimu wangu wa darasa la tatu hakuwa na mzaha. Nikafungua kivinjari, mahali pa kadi hakuna kitu. Kumbe kwa React jina linaloanza na herufi ndogo ni tagi ya HTML. Ikakikabidhi kivinjari tagi ya mchele, na kivinjari, ambacho tangu kizaliwe hakijaona tagi hiyo, hakikujua cha kuchora. Tukaupandisha cheo, ukawa Mchele, ukatokea hapo hapo.

Mama Mchele alikuja kukagua siku ambayo kadi zote tano zilikuwa zimekaa vizuri, isipokuwa kulikuwa na onyo limebaki pembeni. Akauliza linasema nini. Mpwa, kijana mwenye adabu, akamsomea kwa Kiswahili.

“Linasema kila mtoto kwenye orodha lazima awe na ufunguo wake peke yake.”

“Watoto wa nani?”

“Wa orodha, mama.”

“Wangu ni sita, ufunguo ni mmoja, unakaa chini ya ndoo. Na hatujawahi kuibiwa.”

Haikuwa rahisi kumweleza kwamba React inataka kila kitu cha kwenye orodha kiwe na alama isiyofanana na ya mwenzake, ili orodha ikipangwa upya isije ikachanganya asali na dagaa. Aliposikia asali na dagaa vinaweza kuchanganyika, akavuta kiti, akakaa, akasema haondoki mpaka funguo zigawiwe. Zikagawiwa.

Kisha akataka kitufe cha mteja kuongeza kilo. Hapa mwenye makosa ni mabano. Ukimpa kitufe jina la fankisheni peke yake, React inasubiri mtu abonyeze. Ukiweka jina na mabano yake mbele, umeiamrisha ifanye sasa hivi. Basi ukurasa ukaanza kujichora, ukakutana na mabano, ukaongeza kilo. Kilo ikiongezeka lazima ujichore upya, ukajichora, ukakutana na mabano yale yale. React ina kiasi chake, ikagoma yenyewe, ikatoa lile tangazo jekundu kwamba uchoraji umezidi mno. Tukamweleza Mama Mchele kwamba ukurasa umejiagizia mchele wenyewe, kilo baada ya kilo, bila mteja yeyote.

“Hiyo msiitoe,” akasema.

Lakini kisa kilichotuumiza mfukoni hakikuwa na tangazo jekundu. Bei tulikuwa tumeziweka kwenye jedwali la mtandaoni, ili mwenyewe azibadilishe kwa simu akiwa sokoni. Kuzileta kwenye ukurasa kuna kitu kinaitwa useEffect. Hicho, usipokipa orodha ya mambo ya kutazama, hufanya kazi kila baada ya kuchora. Kinaleta bei. Bei zikifika zinahifadhiwa kama orodha mpya, hata kama hazijabadilika hata senti. Orodha mpya, kuchora upya. Kuchora upya, kuleta bei. Na kwa kuwa kila mzunguko unapita kwanza mtandaoni ukarudi, React haioni kwamba ni duara. Kwake huyo ni mteja mwenye shauku. Mpwa akaacha ukurasa wazi, tukaenda kula ugali na migebuka kwa shangazi yake, tukanywa na chai, tukazungumza habari za mahindi. Simu ikaingia meseji kuwa bando limeisha. Wakati tunasema uongo kuhusu mahindi, kompyuta ilikuwa inauliza bei ya karanga za Buzogwe bila kupumua, na kila mara inajibiwa ile ile.

Dawa yake ni mabano ya mraba mawili, matupu, yasiyo na kitu ndani. Yanaiambia useEffect kwamba ifanye kazi mwanzo tu, ikae. Sijawahi kununua kitu kitupu kwa bei ile. Hata baada ya kuyaweka, bei zikawa zinaletwa mara mbili, nikataka kulia. Mpwa akanituliza: hiyo ni StrictMode, hurudia mara mbili makusudi wakati wa kutengeneza ili makosa yajitokeze, ukurasa ukienda hewani inaacha. Sawa, lakini wanaorudia makusudi wangeuliza kwanza nani ananunua bando.

Mwisho kabisa Mama Mchele akaja na picha. “Ukurasa wa Katavi bila kiboko, nani ataamini ni wa Katavi?” Picha alipigiwa na mkwewe anayeendesha watalii hifadhini: viboko wamebanana kwenye dimbwi la Mto Katuma wakati wa kiangazi, hakuna pa kuweka hata fimbo. Picha nzuri mno. Megabaiti saba. Jumlisha React, msimbo wetu, kadi zote na funguo zake, havifiki hata megabaiti moja. Kwenye simu ya mteja bei zilitangulia, kisha kiboko akaanza kujitokeza kwa vipande kutoka juu: masikio, baadaye macho, baadaye sana pua. Watu wakasema React ni nzito! Nikampunguza kiboko mpaka kilobaiti themanini. Mama Mchele akaweka miwani.

“Mbona amekonda?”

Nikamwambia ni kiangazi.

Ukurasa uko hewani na unafanya kazi. Hukumu yangu, ambayo nimeitoa mbele ya dada yangu ili mpwa asipate pa kukata rufaa, ni kwamba kwa bidhaa tano HTML kavu ingetosha na chenji ingebaki. Siku soko zima la Buzogwe litakapotaka kuweka bei zake, kila muuzaji na bidhaa zake, zinabadilika kila asubuhi, mchele unapoingia na dagaa wanapochelewa, nitachukua React bila kubishana na mtu. Kwa sasa wateja wengi wakifungua ukurasa hubonyeza kitu kimoja tu, namba ya simu ya Mama Mchele. Hiyo niliiandika mwenyewe ndani ya index.html, nje ya React kabisa, na ndiyo inayotangulia kuonekana.